Pima Chumvi ya Mto Kabla ya Kuchimba Mfereji

Siku moja wazee wanne na vijana sita walifika ofisini kwetu hapa Lokichar. Walikuwa wametoka upande wa Lokori na Lomelo, na siku iliyotangulia walikwenda Katilu kutazama mashamba yanayonyweshwa kwa maji ya mto Turkwel. Waliyaona mahindi yamesimama kijani katikati ya nchi kavu, nao wakatamani kupata kama hayo kwao.

Shauri lao lilikuwa hili. Chama chao kilikusudia kuuza mbuzi arobaini, kununua pampu na mipira, na kuchimba mfereji kutoka mto Suguta, ule unaoanzia kwenye chemchemi za maji moto za Kapedo. Walitaka ofisi iwaandikie barua ya kuwaunga mkono.

Baada ya salamu mzee wao alisema, “Mwalimu, Turkwel hupungua, na Kerio hukauka hata tukachimba mchanga. Lakini maji ya Kapedo hayajui kiangazi. Mto upo, ardhi ipo, vijana wapo. Mbona tusilime?” (Wengi hapa huniita Mwalimu, kwa kuwa nilisomea ualimu kabla ya kushika kazi ya ukarani.)

Nikamwuliza, “Mzee, maji hayo umeyaonja?”

Akajibu, “Nimeyaonja. Yana magadi kidogo tu.”

Maneno hayo, “magadi kidogo tu,” ndiyo yaliyonifanya niandike makala haya. Kidogo ni kiasi gani? Ulimi wa mtu hauwezi kujibu swali hilo, na mbuzi arobaini ni mali nyingi kuiweka juu ya ulimi. Maana maji ya mto yaweza kuwa safi kwa macho, yakanyweka, yakaotesha mbegu, kisha yakaliua shamba katika msimu wa tatu.

CHUMVI HUTOKA WAPI?

Mvua inyeshayo milimani ni maji matamu. Mto Turkwel hupata maji yake kutoka Mlima Elgon na milima ya Cherangani, na kwa ajili hiyo wakulima wa Katilu wana bahati. Lakini si maji yote ya mvua yapitayo juu ya ardhi. Mengine huzama ndani kabisa ya Bonde la Ufa, hukutana na miamba yenye moto wa volkeno, na kupata joto. Kila mama ajua kwamba sukari huyeyuka upesi katika chai ya moto kuliko katika maji baridi. Hali kadhalika maji moto huyeyusha miamba upesi zaidi, yakabeba magadi na chumvi nyingine, kisha yakapanda juu kwa njia ya nyufa na kutokea kama chemchemi.

Kapedo iko mpakani mwa Turkana na Baringo, chini ya mlima wa volkeno uitwao Silali, ambao kileleni una shimo kubwa lenye urefu wa kilomita 8 hivi na upana wa kilomita 5. Maji ya chemchemi zake yana joto la nyuzi 50 hivi, na zote pamoja hutoa yapata lita 1,000 kila sekunde. Maji hayo huanguka kwenye maporomoko, na huo ndio mwanzo wa mto Suguta.

Wataalamu wa miamba hueleza kwamba sehemu ya maji hayo yatoka Ziwa Baringo, lililo kusini na juu zaidi. Ziwa Baringo halina mto utokao ambao mtu aweza kuuona, walakini maji yake si ya chumvi, kwa sababu ziwa hilo huvuja chini kwa chini na kutoa chumvi yake njiani. Jirani yake, Ziwa Bogoria, halina mlango wa namna hiyo, na maji yake yamekuwa magadi makali. Basi chumvi ambayo Baringo huitoa haipotei. Pamoja na ile iliyoyeyushwa kwenye miamba moto, huja kuonekana tena kaskazini.

Suguta nao huteremka kaskazini katika bonde lenye jua kali hadi Ziwa Logipi, na hapo safari yake hukoma. Jua hunywa maji, lakini chumvi hailinywi. Matokeo yake ni ziwa la magadi. Hata Ziwa Turkana letu ni hivyo hivyo. Maji yake mengi huletwa na mto Omo kutoka Ethiopia, nayo huingia yakiwa matamu, lakini kwa kuwa ziwa halina mlango wa kutokea, sasa kila lita ina yapata gramu 2.5 za chumvi.

Kumbuka sana jambo hili: lililotokea Logipi kwa maelfu ya miaka laweza kutokea katika shamba lako kwa misimu michache. Shamba linalonyweshwa bila njia ya kutolea maji ni ziwa dogo lisilo na mlango.

SHAMBA HUUAWA POLEPOLE

Tufanye hesabu. Tuseme maji ya mfereji wako yana gramu 1 tu ya chumvi katika kila lita. Wengi watayanywa bila kulalamika. Ukiinywesha eka moja mpaka maji uliyotia yatimie kina cha mita moja, jambo ambalo si ajabu katika nchi hii ya jua, umetia chumvi tani 4 katika eka hiyo. Hizo ni kama magunia 45 ya kilo 90. Mahindi hayali chumvi hiyo, na jua haliichukui. Mvua nayo haitoshi kuiosha, maana hapa kwetu ni chache mno. Lodwar kwa wastani haipati hata milimita 250 kwa mwaka.

Madhara ni ya namna mbili. Kwanza, chumvi huzuia mizizi isipate maji. Udongo waweza kuwa mbichi, lakini mmea hunyauka kama wenye kiu.

Pili, magadi huharibu udongo wenyewe. Maji ya chemchemi moto za Bonde la Ufa kwa kawaida ni ya namna ya magadi. Hayo huifanya chokaa ya udongo igande isifanye kazi yake, na magadi hushika nafasi yake. Udongo uliokuwa wa chengachenga hufunga kama sakafu. Maji husimama juu bila kuzama, na yakikauka ardhi hupasuka. Ukiona utando mweupe juu ya matuta, au mabaka meusi yenye kung’aa yasiyoota kitu, hizo ni dalili kwamba umechelewa.

Ubaya wa adui huyu ni kwamba mwaka wa kwanza hujificha. Udongo mpya bado una nguvu, mavuno huwa mazuri, watu husifu, na chama hukopa fedha kupanua shamba. Hasara huja baadaye, wakati mbuzi wamekwisha kuuzwa na deni halijalipwa.

Mzee aliniuliza swali jema: “Mbona mikoma imestawi kandokando ya mto ule?” Ni kweli, mkoma, ambao Waturkana huuita eengol, huvumilia chumvi, na mtende vivyo hivyo. Walakini mkoma si shahidi wa mahindi.

Kuna chombo kidogo cha mkononi cha kupimia chumvi ya maji. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, limetoa mwongozo wa kukisoma. Maji yakionyesha chini ya 0.7, hayana shida ya chumvi. Kati ya 0.7 na 3.0, yataka uangalifu. Yakizidi 3.0, hatari ni kubwa. (Baadhi ya vyombo huonyesha 700 badala ya 0.7, basi uliza kwanza chombo chako ni cha namna gani.) Mimea nayo haifanani. Kama maji hupita vizuri chini ya mizizi, mavuno hayapungui mpaka maji yazidi vipimo hivi:

Maharagwe – 0.7
Vitunguu – 0.8
Mahindi – 1.1
Nyanya – 1.7
Kunde – 3.3
Mtama – 4.5

Maji yakifika 3.9, mavuno ya mahindi hupungua kufika nusu, lakini mtama bado husimama. Wazee wetu waliopenda mtama hawakukosea.

JINSI YA KUTAFUTA MAHALI CHUMVI INAPOINGIA

Mto mrefu hauwi na chumvi mahali pote kwa pamoja. Mara nyingi chumvi ina mlango wake, na mlango huo waweza kutafutwa. Kazi hii si ya wataalamu peke yao. Kijana aliyemaliza shule aweza kuianza akifundishwa na Bwana Kilimo au Bibi Kilimo.

Kwanza, tembea kandokando ya mto wakati wa kiangazi, ambapo maji ni machache na siri zake hazifichiki. Tafuta maji ya uvuguvugu, mapovu, na utando mweupe kwenye mawe. Andika kila mahali ulipoona dalili hizo.

Pili, chukua maji mahali patatu: juu ya chemchemi, kwenye chemchemi yenyewe, na chini yake mbali kidogo, mahali ambapo maji yamekwisha kuchanganyika. Osha chupa mara tatu kwa maji yale yale, ijaze mpaka juu, uifunge, na uandike mahali, tarehe na saa. Maji ya moto yaache yapoe kabla ya kuyapima, kwa kuwa joto laweza kudanganya chombo.

Tatu, pima wingi wa maji. Chagua sehemu ya mto iliyonyoka, upime mita 10, na utupe kijiti kikavu. Tuseme kijiti kimechukua sekunde 20. Mwendo ni nusu mita kwa sekunde. Mto una upana wa mita 4 na kina cha wastani cha robo mita. Zidisha 4 kwa robo, kisha kwa nusu, nawe utapata nusu mita ya ujazo, yaani lita 500 kwa sekunde. Kwa kuwa maji ya chini huenda polepole kuliko ya juu, chukua sehemu nane katika kumi za hesabu hiyo. Jibu ni lita 400 kwa sekunde.

Nne, rudia kazi hiyo mwisho wa kiangazi na tena baada ya mvua. Kipimo kimoja hakitoshi, kama nitakavyoonyesha.

Tano, peleka chupa kwenye maabara ya udongo na maji, kama ile ya KALRO huko Kabete, ili wapime magadi, chokaa na floridi. Chombo cha mkononi hutaja jumla ya chumvi tu, hakisemi ni chumvi gani.

Haifai kufurahia maji kabla ya kuyapima. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba chini ya uwanda wa Lotikipi, huku huku Turkana, kuna maji mengi sana. Watu walishangilia. Vipimo vilivyofuata vilionyesha kwamba maji ya huko yana chumvi nyingi mno, hayafai kunywewa bila kusafishwa kwa mitambo.

HESABU YA KIANGAZI

Fikiri mto fulani wenye lita 900 kwa sekunde, na kila lita ina gramu 0.3 za chumvi. Chemchemi moto inaingia na lita 100 kwa sekunde, zenye gramu 5 kila lita. Yakichanganyika, kila lita itakuwa na gramu 0.77. Hayo yanahitaji uangalifu, lakini mtu aweza kulima.

Sasa kiangazi kimeshika, na mto umebaki na lita 100 tu. Chemchemi haijali kiangazi. Bado yatoa lita 100 zile zile. Kila lita ya mchanganyiko sasa ina gramu 2.65, na chombo kitaonyesha 4 na zaidi. Chumvi imezidi mara tatu, na ni wakati huo huo mkulima afunguapo mfereji wake kwa nguvu zote. Ndiyo maana nasema mto upimwe kiangazi. Na ndiyo maana mto usiokauka kamwe si lazima uwe rafiki. Yafaa kwanza kuuliza kitu gani kinachouzuia usikauke.

JE, CHEMCHEMI YAWEZA KUZUIWA?

Vijana waliniuliza kama chemchemi yaweza kuzibwa kwa saruji. Haizibiki. Maji yanasukumwa kutoka chini, na ukiziba ufa mmoja yatatafuta mwingine.

Njia iliyofaulu mahali pengine ni kuyapitisha kando. Ziwa la Galilaya, ambalo wengi wetu tumelisoma katika Biblia, lina chemchemi za chumvi ufukweni, na baadhi yake ni za moto. Katika miaka ya 1960 serikali ya Israeli ilichimba mfereji wa kuzikusanya na kuzipeleka mto Yordani chini ya ziwa. Chumvi ya ziwa ilipungua sana. Lakini tazama, Yordani ya chini ilipokea chumvi hiyo. Chumvi iliyoondolewa kwa mtu mmoja yahitaji mahali pa kwenda, na walio chini ya mto lazima waulizwe.

Huko Marekani, katika bonde liitwalo Paradox, maji ya chumvi hupompwa kutoka ardhini kabla hayajaingia mtoni, kisha husukumwa ndani ya kisima chenye kina cha zaidi ya kilomita 4. Kazi hiyo iliokoa mto, lakini ilitikisa ardhi; mwezi wa Machi 2019 lilitokea tetemeko la kipimo cha 4.5, na kazi ikasimamishwa kwa muda. Dawa za namna hiyo ni za serikali kubwa zenye fedha nyingi.

Tena fahamu tofauti hii. Galilaya lilikuwa na maji matamu ya kuokolewa. Suguta pale Kapedo huzaliwa na chemchemi zenyewe, na ukiondoa chemchemi wakati wa kiangazi, umeondoa mto. Hakuna cha kupitisha kando. Kilichobaki ni kujua maji hayo yafaa kwa kazi gani, na kwa kazi gani hayafai.

UKILAZIMIKA KUYATUMIA

Kama vipimo vinaruhusu, anza na robo eka kwa misimu miwili. Usianze na eka kumi.

Chagua udongo wa kichanga upitishao maji, na chimba mtaro wa kutolea maji kabla ya mfereji wa kuyaingiza. Kati ya debe 100 unazotia, debe 15 hadi 20 lazima zipite chini ya mizizi ziondoke na chumvi. Panda mtama au kunde, na mbegu uziweke ubavuni mwa tuta, si kileleni, maana kileleni ndipo chumvi hupanda. Jasi yaweza kusaidia udongo ulioharibiwa na magadi, lakini usiinunue kabla ya maabara kukuambia kiasi. Mvua ikinyesha, iache iingie shambani ikuoshee udongo bure.

Kwa mifugo, maji yasiyozidi 5 kwenye chombo yafaa. Kati ya 5 na 8 wanyama wageni waweza kuharisha. Yakizidi 16 usiwanyweshe kabisa.

Kwa watoto angalia floridi. Kiasi kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 1.5 kwa lita, na maji ya chemchemi moto za Bonde la Ufa mara nyingi hukizidi. Huyatia meno madoa ya kahawia, na yakizidi sana hupinda mifupa. Kuchemsha hakusaidii, mvuke hutoka, floridi hubaki.

Mwisho, kuchukua maji ya mto kwa pampu kwataka kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Na kwa kuwa Kapedo imepata kuwa na matatizo ya usalama, mwone chifu kabla ya kwenda kupima.

Sasa nirudi kwa wageni wetu. Barua ya pampu sikuwaandikia. Niliwaandikia barua ya kupimiwa maji, na nikawapa chupa sita. Kijana mmoja alikasirika, akasema ofisi daima hutafuta njia ya kuchelewesha watu. Sikumlaumu, kwa kuwa njaa haisubiri maabara. Lakini mzee wao alizigeuzageuza zile chupa mikononi, akauliza safari na vipimo vitagharimu kiasi gani. Tulipiga hesabu pamoja, tukaona gharama haitazidi bei ya mbuzi wawili.

Mzee akawageukia vijana, akasema, “Tutauza wawili kwanza. Maji yakiwa mema, thelathini na wanane bado wapo. Yakiwa mabaya, thelathini na wanane bado wapo.”

Ndugu mkulima, ikiwa nawe una mto usiokauka, fanya kama mzee huyo.